Sanduku la Mgeni na Karanga za Mama Fatu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Lishikeni hilo kwanza, kabla hamjasoma mengine. Nimebeba magunia Kariakoo nikiwa sijaota ndevu, nimefagia chumba ambacho wenye shahada walikuwa wakiingia kwa kubisha hodi, na nimestaafu nikiwa mtu pekee katika jengo lile aliyeweza kuinua kadi kwenye mwanga na kuyasoma matundu yake kama ninyi mnavyosoma bango la sinema. Shule yangu ni darasa la nne, kule Newala, na hilo darasa la nne lenyewe sikulimaliza.

Meneja wa sasa ameniomba niwaandikie ninyi vijana mnaoanza kazi katika chumba cha kompyuta. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo nilivipata, mishahara niliila, yamekwisha. Nitawaambia habari ya sanduku, maana kila mmoja wenu alikabidhiwa lake siku ya kwanza, na sijasikia hata mmoja akiuliza limetoka wapi, wala kwa nini kadi ya juu kabisa imeandikwa kwa kalamu, mwandiko wa kike.

Niliingia jengo lile, huku Mchafukoge, na ufagio. Chumba cha mashine ndicho kilikuwa chumba pekee chenye ubaridi mtaa mzima, kwa hiyo nilikifagia mara tatu kwa siku na hakuna aliyelalamika. Fundi mkuu alikuwa Bwana Kassamali, mkazi wa Upanga, mtu mkavu, aliyekuja na chupa yake ya chai na hakumkaribisha mtu. Siku moja alinikuta nimechutama kwenye pipa la kadi zilizotumika.

"Unatazama nini wewe?"

"Matundu, bwana."

"Yanasema nini?"

"Sijui yanasema nini. Lakini kadi hii na ile ya juzi ni za mtu mmoja."

Alizichukua zote mbili, akazitazama, akanitazama. Zilikuwa za mtu mmoja kweli, mlinzi wa bohari. Tangu siku hiyo alinifundisha herufi moja kila siku, akimaliza chai yake. Alifundisha kwa sindano ndefu ya chuma, anaipitisha kwenye tundu na kusema, "Hii nini? Na hii?" Nikikosea ananigonga nayo kwenye kidole. Sindano hiyo ninayo mpaka leo. Aliniachia siku alipohama nchi na familia yake, na hakuniaga kwa maneno mengi. Alisema tu, "Hasani, bluu ni saa nane, na gunia ni baada ya mshahara. Ukisahau mengine yote, hayo usisahau."

Nieleze, maana ninyi mmezikuta mashine mbili. Wakati ule ilikuwa moja. Asubuhi ilifanya kazi za kweli: mishahara ya viwanda vya shirika, hesabu za bohari. Tepu za kweli, zile za sumaku zenye hesabu zote, zilikuwa zimepandishwa juu ya mashine, zinazunguka. Saa nane mchana tunazishusha, tunapandisha tepu tupu, ndipo waandika programu wanaruhusiwa kujaribu mambo yao. Sasa ili mtu asije akachanganya, kadi zote za majaribio zilikuja kutoka kiwandani, huko Ulaya, na mstari wa bluu ukingoni. Ukiona bluu, ngoja saa nane. Hata tarishi alijua hilo. Na gunia? Kila mwezi yalikuja mabadiliko ya wafanyakazi: huyu ameajiriwa, huyu ameacha, huyu ana saa za ziada. Yanatobolewa kwenye kadi, kadi zinaingia kwenye tepu, halafu kadi zinatupwa kwenye gunia. Gunia halitoki chumbani mpaka watu wawe wameshika mshahara mkononi. Basi, ndiyo sheria zenyewe, mbili tu.

Baada ya Azimio viwanda vikataifishwa, shirika likapokea vingi, na wakaanza kuletwa waandika programu wapya, watatu, wanne kwa mpigo, vijana wenye vyeti. Kijana anafika Jumatatu amechomekea shati, ana kalamu tatu mfukoni. Ijumaa bado amekaa. Hana namba ya kazi, namba inatoka kwa mhasibu na mhasibu yuko semina. Hana karatasi za kuandikia, bohari wanataka sahihi. Hajui kadi za kuamrisha mashine, zile zinazoiambia tafsiri hapa, andika pale, simama, kwa sababu wakubwa wake wamezifungia kabatini kama hirizi. Nilihesabu kwa vidole vyangu: siku kumi na nane za kazi kabla kijana hajaona mashine imemjibu neno. Mmoja, wa Moshi, alijifunza kuendesha pikipiki ya tarishi akisubiri. Alipopata namba ya kazi alikuwa ameshapata leseni.

Wenye vyeti walifanya vikao vitatu kuhusu jambo hilo. Mimi nilienda dukani kwa Mhindi wa viatu nikaomba maboksi matupu.

Kwenye kila boksi niliweka kadi kumi na mbili za kuamrisha, zimeshatobolewa, zimefungwa kwa mpira kwa mpangilio wake. Karatasi za kuandikia hamsini. Penseli na kifutio. Barua ya kuombea namba, imeshapigwa sahihi na meneja, jina limeachwa wazi. Ramani ya jengo, niliichora mwenyewe, choo nimekiwekea nyota. Nikaandika juu ya boksi: MGENI. Siku kumi na nane zikawa tatu. Nakuambieni, tatu! Watu wa shirika jingine walikuja kuuliza. Niliwaambia ni siri ya taaluma.

Hapo kichwa kikavimba, sikatai. Kikaoni nilisimama mbele ya meneja wetu, Ndugu Mbwilo, nikasema, "Ndugu Meneja, siku tatu ni nyingi. Nileteeni mgeni saa moja na nusu asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana mashine itakuwa imemjibu."

Ndugu Mbwilo alikuwa mtu mwembamba aliyeamini kila kinachosemwa kikaoni. Akaandika. Wiki mbili baadaye akaniita: wakubwa wa wizara watakuja Alhamisi kuona mgeni anavyoanza kazi kwa asubuhi moja.

"Alhamisi hii hii, ndugu?"

"Wewe si ulisema?"

Nilisema. Sasa sikilizeni mambo matatu niliyoyafanya wiki ile, na kila moja nililifanya kwa akili yangu timamu. La kwanza, kadi za bluu zilikuwa zimetuishia, na fedha za kigeni za kuagizia nyingine zilikataliwa. Nikatoboa sanduku la Alhamisi kwa kadi nyeupe. La pili, kabla ya chakula cha mchana maana yake ni kabla ya saa nane. Nililijua hilo nilipokuwa nalisema kikaoni. Nikajipa moyo kwamba mimi mwenyewe nitasimama pale, nani ataharibu? La tatu, sikutaka wageni waone gunia chafu pembeni mwa mashine. Jumatano jioni nikalitoa.

Lilikuwa likienda kwa Mama Fatu kila mwezi. Yeye anauza karanga Kariakoo, kwao Masasi, jirani yangu kwa kule nyumbani. Kadi ngumu ile anaikunja mfano wa koni, anajaza karanga, thumni moja, yaani senti hamsini. Chumvi kidogo inavujia kwenye matundu lakini wateja walizoea. Mimi nikipita ananijazia moja bure. Huo ndio ulikuwa mkataba.

Alhamisi saa moja na robo mgeni alikuwa amefika. Binti mdogo, mrefu, jina lake Anasia, mtu wa Kilimanjaro, amebana nywele kwa nguvu mpaka macho yamevutika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sanduku lako hili. Humu ndani kimo kila kitu isipokuwa mume."

Hakucheka. Alilifungua, akatoa kadi zile kumi na mbili, akazipanga mezani, na badala ya kuanza kuandika programu akaanza kuzisoma moja moja. Nilitazama saa.

"Mzee, samahani. Hii ya tano inasema andika kwenye tepu namba tatu. Sasa hivi namba tatu ina nini?"

"Binti, kadi hiyo imewafaa watu ishirini kabla yako. Wewe andika."

"Naandika. Nauliza tu ina nini."

"Ina kazi. Andika!"

Akaandika. Alikuwa mwepesi, nisimpunje. Programu ndogo ya kupanga majina kwa alfabeti. Saa tatu na nusu akina dada wa kutoboa kadi walikuwa wameimaliza. Saa nne na robo wageni wakaingia, watu wanne wenye suti za Kaunda, Ndugu Mbwilo mbele anatembea kinyumenyume. Nilimpokea Anasia kadi zake kwa mkono wangu, nikazitia kwenye kisomeo kwa mkono wangu. Mashine ikazimeza. Tepu namba tatu ikazunguka. Mtambo wa kuchapa ukaanza kupiga, na majina yakatoka yamejipanga, Abdallah juu, Zuhura chini.

Wageni wakapiga makofi. Mkubwa wao akanishika mkono, akasema huu ndio ubunifu wa mfanyakazi. Niliinama kidogo. Sikuinama sana.

Walipokwenda kunywa chai na Ndugu Mbwilo, Sefu, mwendeshaji wa zamu, alipiga amri ya kuanza kazi ya mishahara. Mashine ikakataa. Akapiga tena. Nilikuwa mlangoni nikasikia sauti yake imekuwa nyembamba.

"Kaka Hasani. Namba tatu… si ndiyo ilikuwa mishahara?"

Ndiyo ilikuwa mishahara. Ilikuwa imepandishwa tangu saa moja, ya viwanda vitatu, imeshaingizwa mabadiliko ya mwezi mzima, inasubiri tu kupigiwa hesabu ili watu walipwe Jumamosi. Na juu yake sasa kulikuwa na Abdallah mpaka Zuhura.

Tepu ya mwezi uliopita ilikuwamo kwenye kabati la chuma, hiyo ingetufaa, lakini bila mabadiliko haina maana: walioajiriwa hawamo, walioacha wamo, saa za ziada hakuna. Mabadiliko yako kwenye kadi. Kadi ziko kwenye gunia. Niligeuka kutazama pembe ya chumba kama mjinga, kama vile sikulibeba mimi begani.

Ndugu Mbwilo alirudi na kikombe bado mkononi. Sefu akamweleza. Akakiweka kikombe chini. Mnajua siku zile neno hujuma lilikuwa na uzito gani. Mtu alichukuliwa kazini mchana kweupe na mkewe akaambiwa kesho yake.

"Kadi hizi ni za nani?" akauliza. Alikuwa amezishika, zile kumi na mbili, nyeupe.

Sefu akatazama tepu zake.

"Nauliza ni za nani! Mishahara ya viwanda vitatu imefutwa mbele ya wizara, halafu hakuna mwenyewe? Niite watu wa usalama?"

"Ni zangu, ndugu meneja," akasema Anasia.

Alisimama wima, mikono nyuma. Hakunitazama. Aliniuliza asubuhi mbele ya akina dada watatu tepu ile ina nini, nikamfokea, na sasa angeweza kuninyoshea kidole tu na watu watatu wakashuhudia. Hakuninyoshea. Sikushangaa. Nilikaa chini, basi, kwa sababu kiti kilikuwa karibu.

Ndugu Mbwilo akanyanyua simu. Nilisikia gurudumu la namba linazunguka, mara moja, mara mbili. Nataka niseme nilisimama pale pale. Sikusimama pale pale. Niliwaza nyumba yangu ya Magomeni, nikawaza nilivyoingia na ufagio, nikawaza binti huyu ana siku moja tu hapa, hata jina lake halijaandikwa daftarini. Namba ya tatu ikazunguka.

"Weka simu, ndugu," nikasema. "Kadi nilitoboa mimi. Aliyeziingiza mashineni asubuhi ni mimi. Binti aliniuliza, nikamnyamazisha. Na gunia la mabadiliko halipo, nimelitoa mimi jana jioni."

"Umelitoa ukalipeleka wapi?"

"Kwa muuza karanga."

Aliishusha simu polepole mno. "Hasani, unajua kinachofuata?"

"Kinachofuata ni Kariakoo. Nipe mpaka saa tisa. Nikirudi mikono mitupu, namba hiyo nitaipiga mwenyewe."

"Mpaka saa tisa," akasema. "Dakika moja ikizidi, sitakusubiri."

Niko ngazini nikasikia viatu nyuma yangu. "Rudi juu, binti."

"Mzee, kadi zina namba ya mfululizo mwishoni. Moja mpaka mia nne na kumi, Sefu ameniambia. Wewe utazikusanya, mimi nitazihesabu. Au utahesabu huku unakimbia?"

Tukaenda. Saa sita ile jua linachoma, na foleni ya sukari imezunguka duka la ushirika mpaka barabarani, watu wakadhani tunaruka foleni, tukatukanwa. Mama Fatu alikuwa mahali pake ubavuni mwa soko, sinia kubwa mbele yake, na juu ya sinia koni zangu zimesimama safu kwa safu kama askari wa gwaride. Nilianza kuzikunjua.

Akanipiga mkono. "We Hasani! Una wazimu? Nimepima hizo!"

"Mama Fatu, nataka karatasi tu. Karanga baki nazo."

"Nibaki nazo nizitie wapi, kwenye kanga? Nimekunja tangu alfajiri. Ukitaka karatasi nunua na kilichomo."

"Zote?"

"Kuna harusi?"

"Kuna msiba, mama," akasema Anasia. "Tunanunua zote."

Mama Fatu akamtazama juu mpaka chini. "Huyu si Mchagga huyu? Mchagga ananunua bila kuomba apunguziwe! Basi kweli kuna msiba." Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliendelea kukunjua koni.

Kadi mia moja na kumi zilikuwa bado hazijakunjwa. Koni mia mbili themanini na saba zilikuwa zimejaa. Tulimwaga karanga kwenye gunia, Anasia amepiga magoti vumbini na gauni lake la siku ya kwanza, anasoma namba kwa sauti na kuzipanga. Kumi na tatu zilikuwa zimeshauzwa. Kumi na mbili tuliziokota chini, watu hula palepale na kutupa. Baadhi yake zilikuwa zimekanyagwa, moja ilikuwa mdomoni mwa mbuzi, nikaitoa, mbuzi akaniangalia kama ninamwibia.

"Bado moja," akasema Anasia. "Mia mbili na sita."

"Moja si kitu."

"Mzee, hiyo moja ni mtu."

Ilikuwa saa nane kasorobo. Mama Fatu akakumbuka: wa kwanza kununua asubuhi ni fundi saa, yule wa barazani mtaa wa pili. Nilikimbia. Fundi alikuwa ameikunjua, ameilaza mezani, na ndani ya kila tundu ameweka skrubu moja ndogo ya saa, zimejipanga vizuri kuliko kwenye kasha.

"Siiuzi," akasema bila kuinua kichwa. "Hiki kifaa nimekitafuta miaka."

"Fundi, nitakuletea kadi mia kama hii."

"Kalete hizo mia, nami nitakupa hii."

Nikaweka shilingi tano mezani. Akatazama noti, akaanza kutoa skrubu moja baada ya moja kwa koleo, haraka hana, huku kengele za saa zake zote zikigonga saa nane mbele yangu, kila moja kwa wakati wake. Alipoondoa ya mwisho niliinua kadi kwenye mwanga. Mia mbili na sita: mwanamke, mfumaji, ameajiriwa mwezi ule, mshahara wa kwanza.

Tulirudi na mkokoteni kwa sababu ya karanga. Saa tisa kasoro dakika kumi. Lakini msidhani yaliishia hapo. Kadi zilizokunjwa na kulowa mafuta kisomeo hakizimezi. Akina dada wangezitoboa upya, ila maandishi ya juu yalikuwa yamefutika kwa mafuta, zimebaki namba za mwishoni tu, na karatasi za asili zilikuwa huko viwandani. Ndipo Ndugu Mbwilo mwenyewe aliponisogezea kiti karibu na dirisha. Nikatoa sindano ya Bwana Kassamali. Nikasoma matundu, kadi kwa kadi, herufi kwa herufi, akina dada watatu wanatoboa, Anasia anahakiki nyuma yangu. Alinikosoa mara mbili. Mara moja alikuwa sahihi. Saa kumi na mbili kasorobo tepu mpya ilikuwa imekamilika, na Jumamosi viwanda vitatu vililipwa. Yule mfumaji pia.

Jumatatu Anasia alikuja na sanduku lake akaliweka mezani kwangu. "Mzee, rangi inaisha. Mtu naye anasahau." Alikuwa ameandika kadi ya kumi na tatu, ya kutangulia zote: inaiamuru mashine isome kwanza jina la tepu, na kama si tepu ya majaribio, isimame. Asubuhi au mchana, nyeupe au bluu, inasimama yenyewe. Juu yake aliandika kwa kalamu: MUULIZE INA NINI. Nilimwambia nami nilikuwa karibu kulifikiria jambo hilo. Akasema, "Najua, mzee." Tangu hapo tepu moja ya majaribio hukaa mashineni kutwa, mgeni anaanza kazi asubuhi ile ile anayofika, na hakuna tepu iliyofutwa. Kadi yenyewe mmeirudufu mara nyingi, mwandiko mnaunakili tu.

Ofisi nzima ilikula karanga mpaka mwisho wa mwezi. Nilipeleka madai kwa mhasibu, mambo ya mali ya umma niliyoyaokoa. Akavua miwani. "Ndugu Hasani, kasma ya karanga haipo." Karanga za Mama Fatu, fundi saa na mwenye mkokoteni, vyote nilivilipa kutoka mfukoni mwangu: shilingi mia moja hamsini na mbili na senti hamsini.